Nilivyotaja Mraru Mtandaoni

Tulikuwa watatu ofisini, chuoni Voi: mwalimu wa kompyuta, mdogo wangu Mkamburi, na mimi niliyeacha shule nimlee baada ya wazazi kufa. Mwalimu alisoma swali nililoandika kwa siri kwenye jukwaa la mtandaoni la watu wa programu, Mkamburi alipokwama:

“Hamjambo nyote? Mimi ni Mkamburi wa Mraru, yatima. Nisaidieni kazi ya mwalimu.”

“Dada! Hadi kwetu Mraru umekutaja?” Mkamburi aliuliza.

“Ningeombaje watu bila kujitambulisha?” Sikuinamisha kichwa. “Mwanafunzi akikwama aulize, mwalimu, hata huko.”

“Aulize. Lakini mmoja alikujibu, ‘Onyesha ulichojaribu.’ Ukamwambia nini?”

“Nikamwambia kama hajui, awapishe wanaojua.”

“Huyo ni mimi. Mkamburi ana sifuri mpaka nionyeshwe alichojaribu.”

Bado hatujamwonyesha.