Mkwe na Kilomita Ishirini

Ukiiacha barabara kuu na kuingia Lungkarta, makazi yetu sisi wenyeji huku jangwani, kitu cha kwanza unachokutana nacho ni bango la kanuni. Pombe marufuku. Mgeni awe na kibali. Mbwa wasizidi wawili kwa kila nyumba. Muziki uzimwe watu wakishalala. Wafiwa wasipigwe picha. Gari lisizidi kilomita ishirini kwa saa. Kanuni hizi hatukuletewa na mtu, tulizitunga wenyewe, tukabishana kutwa nzima huku mikia ya kangaruu ikiungua motoni bila wa kuigeuza, na kanuni ya mbwa nusura itutoe ngeu. Lakini kutunga si kazi. Kazi ilikuja pale tulipoulizana nani atazisimamia, kwa sababu Lungkarta kila mtu ni mjomba, shangazi au shemeji wa mwenzake, na nani ana hamu ya kumfokea mjomba wake?

Hapo ndipo Hector, mwenyekiti wa baraza, alipomtaja dada yake Elsina, na hakuna aliyefungua mdomo kupinga. Elsina ni mfupi, mnene, na haogopi mtu. Alipokuwa mpishi wa shule, watoto walikula karoti, na aliyebakisha alirudishiwa karoti yake kesho yake. Wakampa shati la buluu lenye jina lake kifuani, na filimbi. Shati lilimbana, lakini alikataa katakata lisibadilishwe. Alikuwa amelea watoto, amezika mume, amewapikia watoto wa wenzake mpaka jiko la shule likafungwa, na katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumshonea jina lake kwenye kitu.

Aliianza kazi kwa moto. Aligundua makopo ya bia chini ya mtoto mchanga, ndani ya kigari chake, akamnyanyua mtoto, akambusu, akaimwaga bia yote mchangani huku baba mtu akilia kuliko mtoto. Vijana wa muziki walijifunza kuzima redio waliposikia ndala zake tu. Yeye mwenyewe alikuwa na mbwa watano. Watatu akawagawia dada zake kwa nguvu, na mpaka leo hao watatu wanahesabiwa kwa dada zake na wanalala kwake.

Kituo chake kilikuwa barazani pa duka, juu ya kiti cha plastiki, mkabala na shule ya chekechea. Pale ndipo penyewe. Barabara ya Lungkarta ni moja tu, na mwenye gari lazima apite hapo, akitaka asitake. Upande wa pili kuna korongo la mchanga, na gari likijitia ujuba wa kupita huko, litatolewa kwa kamba na matusi.

Sasa kuna sheria moja haimo kwenye bango, maana hakuna mtu wa kwetu anayehitaji kuisoma. Mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani. Hawasemeshani, hawaketi mahali pamoja, hawapandi gari moja, na jina la mwenzio hulitii mdomoni. Si ugomvi, ni heshima, tena heshima kubwa kuliko zote tulizo nazo. Elsina alikuwa na mkwe wake, mume wa bintiye Rosalind, anayeitwa Cleveland, na sisi tunalitaja jina hilo kwa sababu si mkwe wetu. Hakuwa amemwona usoni tangu siku alipomposa Rosalind. Alimjua kwa vitu viwili: mlio wa gari lake bovu lisilo na boneti, na nyama. Cleveland hakwenda mawindoni akarudi bila kumtumia mama mkwe sehemu iliyonona. Elsina akiitafuna alisema binti yake ameokota dhahabu, na alilisema hilo kwa yeyote aliyekuwa na masikio.

Cleveland ndiye aliyeangalia mtambo wa umeme, kule mwisho wa makazi. Kila asubuhi alipita dukani akienda kazini, akiwa na bintiye mdogo Tamika ndani ya gari ili amshushe chekechea, na kila jioni alipita akirudi. Na kila alipopita, jamani, alipita mbio. Si mbio za kuongezea kidogo. Ni mbio za mtu anayefukuzwa na moto wa nyika. Akishapita ndiyo anafunga breki kule mbele, anamshusha mtoto arudi kwa miguu na shangazi yake anayewasubiri hapo.

Elsina akisikia ule mlio unakuja, alifanya linalompasa mama mkwe: aligeuka akautazama ukuta wa duka. Kwa hiyo hakuona kitu. Alisikia tu injini ikinguruma na mawe madogo yakimpiga mgongoni, palepale kwenye shati la buluu. Watu walioketi barazani wakaanza kukohoa kwa maana. Vijana aliowapulizia filimbi walimjibu kwa adabu ya uongo kwamba wangepunguza mwendo, shangazi, ila wanasubiri kwanza apunguze yule mwingine. Yule, si unamjua? Alimjua, na alikuwa hawezi hata kumtaja.

Akamtuma Rosalind. Rosalind akampa mumewe maneno ya mama, naye Cleveland akainamisha kichwa akasema amesikia, atajitahidi. Kesho yake akapita mbio zilezile. Akamtuma Hector, jibu likawa hilohilo. Meneja wa duka, Mzungu mmoja mpole anayeitwa Gavin, akamshauri mbele za watu kwamba amwite tu huyo kijana, wakae wawili, waongee. Watu wote waliokuwa dukani walitumbukiza macho kwenye friza la nyama mpaka aibu ya Gavin ikapita.

Elsina hakuwa mtu wa kushindwa. Kama kituo kilikuwa mbali na barabara, aliwaza, basi kisogee. Akakishusha kiti chini ya baraza. Gari likaongeza mwendo. Akakisogeza mpaka kwenye mapipa ya taka, gari likazidi. Mwishowe akakiweka kabisa kwenye ukingo wa barabara, miguu yake kwenye vumbi la magurudumu, akajisemea kwamba mtu mwenye heshima, akimwona mkwewe amekaa hapo, lazima apoe.

Asubuhi hiyo alisikia mlio, akageuka, akakaza mabega. Mara akasikia kishindo. Pipa la taka liliruka, likabingirika, likaenda kugonga lango la chekechea ambako watoto walikuwa wakipanga foleni. Elsina aliwasikia watoto wakipiga kelele asijue ni za maumivu au ni za furaha, na hakuweza kugeuka kutazama, kwa sababu gari lilikuwa bado halijaondoka. Alisimama pale ameukodolea macho ukuta, akimwomba Mungu. Zilikuwa za furaha. Pipa lilikuwa limemwaga biskuti zilizopitwa na muda.

Lakini mzaha uliishia hapo. Alasiri Hector aliitisha baraza, na kabla halijaanza alimwendea dada yake nyumbani. Akamwambia kwamba leo lazima jambo liishe. Ama yule asimame, ama baraza lipige simu polisi wa mjini waje. Wote wawili walijua maana yake. Hakimu alishamwonya Cleveland kuhusu gari lile, na kosa moja tu zaidi lingempeleka jela, miezi na miezi, mbali kabisa. Na msimamizi wa kanuni ndiye ambaye angeandika ushahidi.

"Na nikikataa kuandika?" Elsina akauliza.

"Basi unarudisha shati, dada. Huwezi kumwaga bia ya watu halafu ukameza ya kwako."

Elsina alikaa akawatazama mbwa wake wawili, pamoja na wale watatu wa dada zake. Alimfikiria Rosalind akilala peke yake. Akafikiria Tamika akiuliza baba yuko wapi. Akafikiria pia lile pipa, kama lingekuwa zito zaidi, na watoto wangekuwa karibu zaidi. Halafu akalifikiria shati, na akajichukia kwa kulifikiria.

Baraza lilikutana kwenye banda la mikutano. Cleveland alikuwa ameshaketi ndani, kwa kuwa mshtakiwa hafiki wa mwisho, na hivyo Elsina hakuweza kuingia. Akakaa nje, nyuma ya tangi la maji, akiwa ameligeuzia banda mgongo. Akatoa taarifa yake kwa sauti, akimwelekezea Hector, naye Hector akiirudia kwa wajumbe ambao walikuwa wameshaisikia. Alisema yule amepita mbio, ameambiwa, hakusikia, na leo amegonga pipa.

Hector akamgeukia Cleveland ajibu. Cleveland akanyamaza. Hector akapumua kwa nguvu akasema basi, yeye hana la kufanya, simu iletwe.

Hapo miguuni pa Cleveland alikuwa amelala mbwa mmoja, sijui wa nani, mmojawapo wa wale tuliowazidisha. Cleveland akainama akamkuna sikio, akaanza kuzungumza naye, kwa sauti ya kutosha kupita tangi la maji.

"Wewe mbwa, hebu nisaidie. Bango linasema ishirini. Sawa, silipingi. Lakini kuna mtu hukaa pale barabarani, mtu nisiyepaswa kumtazama, wala yeye kunitazama. Nikienda ishirini, si nitakuwa namtembezea uso wangu mchana kweupe? Kwa hiyo nikifika pale nakanyaga mafuta, nageuza shingo upande wa pili, naomba njia iwe tupu. Na kila nikikanyaga, kesho yake nakuta kiti kimesogea."

Akahamia sikio la pili la mbwa.

"Korongoni nilijaribu, mbwa, nikakwama. Sasa nimtume nani akamwambie mtu mzima yule ahame? Mimi ni nani wa kumpangia mahali pa kukaa? Bora jela."

Aliyeanza kucheka alikuwa bibi mmoja wa baraza asiye na jino hata moja. Akafuata mwingine. Mara banda zima lilikuwa linagaragara, watu wanashikilia mbavu, Hector amejifunika uso kwa kofia na mabega yanamtikisika. Gavin akawa anauliza kuna nini, kuna nini, na hapakuwa na mtu mwenye pumzi ya kumjibu.

Nyuma ya tangi Elsina hakucheka. Joto lilimpanda kutoka shingoni hadi masikioni. Kumbe! Mama mtu mzima, mkwe wa watu, amekwenda kujibwaga kwenye njia ya mume wa binti yake asubuhi na jioni, tena anasogea, tena ana filimbi. Na kijana wa watu, katika makazi yote, ndiye pekee aliyekuwa anahangaika kushika sheria zote mbili kwa mkupuo. Lile pipa alilisukuma nani? Alilisukuma yeye, kwa kiti cha plastiki. Aliona aibu ambayo hajapata kuiona tangu usichana wake, na ndani ya aibu hiyo alimpenda yule kijana kupita hata alivyoipenda nyama yake.

Akavua shati la buluu, akabaki na fulana. Akanyoosha mkono akalitundika kwenye kona ya tangi, mahali ambapo kaka yake angeliona.

"Kaka, lichukue," akasema. "Aliyevunja sheria ni mimi."

Kicheko kikakatika. Hector akatoka bandani, akalitazama shati, akaligusa pale kwenye jina.

"Dada, hili nikampe nani?" akasema taratibu. "Limeshapanuka kwa umbo lako. Vaa, tuendelee na kikao."

Simu haikupigwa. Cleveland alipewa adhabu ya kupaka rangi lango la chekechea, kwa kuwa pipa ni pipa. Kituo cha msimamizi kikahamishiwa nyuma ya duka, kwenye kivuli cha ukuta, ambako mtu anaisikia barabara nzima bila kumwona mpita njia yeyote. Gavin aliuliza msimamizi wa barabara atasimamiaje barabara asiyoiona. Akaambiwa anunue biskuti mpya.

Asubuhi iliyofuata Elsina alikaa hapo nyuma, shati limefungwa vifungo vyote. Mlio ukaja kutoka mbali. Kwa mazoea akakaza mabega akingoja mngurumo, lakini mngurumo haukuja. Gari lilikuja polepole, polepole mno, likigugumia na kukohoa, mpaka akaanza kusikia vitu ambavyo hakuwahi kuvisikia kamwe: mlango mbovu unavyogonga, changarawe zinavyosagika chini ya gurudumu, na mtoto anayeimba ovyo ovyo. Halafu wimbo ukakatika, na Tamika akauliza mbona leo gari linatembea hivi, limeharibika?

Labda Cleveland alipima kwanza mahali ulipo ukuta wa duka, na umbali wa sauti.

"Halijaharibika, mwanangu," akasema. "Leo bibi yako amenipa barabara."

Gari likaendelea mpaka langoni, likasimama, mlango ukafunguliwa. Nyuma ya ukuta Elsina alikaa akisikiliza, amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili ili asisikike analia.