Ng'ombe Aliyechinjwa Mapema

Simu ya shemeji yangu Monari ilinikuta dukani kwangu Isebania, nikimpimia kitambaa cha pazia mama mmoja aliyevuka mpaka kutoka Sirare. Tulikuwa tumevutana juu ya bei mpaka majirani wakaacha kazi zao kutusikiliza.

"Pauline, keti kwanza," Monari akasema.

"Sema tu, shemeji."

"Dada yako ametuacha. Ni presha. Hata hospitalini hatukufika."

Nililia pale pale, juu ya kitambaa. Yule mama akanitazama, akatazama pazia, kisha akasema kwa huruma, "Basi mama, usilie. Nitalipa hiyo bei yako." Mungu anisamehe, nilicheka. Kama Nyanchoka angekuwa hai, yeye ndiye ningempigia simu kumsimulia.

Dada yangu Nyanchoka alikuwa mwalimu wa sekondari upande wa Masara, kule kwenye machimbo ya dhahabu. Nyumbani kwetu hakuna aliyedhani ana akili. Mwenye akili alikuwa kaka yetu Elkana, aliyekuwa nambari moja tangu darasa la kwanza, na baba akiizungusha ripoti yake kwa majirani kama picha ya harusi. Nyanchoka alirudia darasa la nane. Siku ya kufungua shule alikalia dawati lake lile lile, akawaambia watoto waliopanda kumkuta, "Mimi ndiye mwenyeji hapa. Mkitaka kujua choo kiko wapi, niulizeni."

Wote wawili walikuja kusomea udaktari wa falsafa. Elkana alitangulia. Alipopeleka sura ya kwanza ya tasnifu yake, msimamizi akairudisha imejaa wino mwekundu. Elkana akasema yule profesa ana wivu, akaifungia sura yake kabatini, akaacha. Tangu hapo anaalikwa makanisani kuwafundisha vijana namna ya kufaulu katika masomo. Anafundisha vizuri sana.

Nyanchoka alianza akiwa amepita miaka arobaini, mama wa watoto watatu. Alitaka kuandika juu ya wanawake wa Masara wanaokamata dhahabu kwa zebaki, wakiikoroga kwa mikono mitupu, na jioni wanawapikia watoto kwa mikono hiyo hiyo. Msimamizi wake alikuwa profesa mmoja wa kike, aliyekuwa akikutana naye Homa Bay. Mwaka wa kwanza wote uliishia kwenye kuandika maelezo ya kazi anayokusudia kufanya. Siku aliposimama mbele ya jopo kuyatetea maelezo hayo, alimpigia mumewe akamwambia amepita. Monari akamwambia Mzee Mayaka, mzee wa kanisa letu. Mzee Mayaka hakuuliza amepita nini. Kwetu mtu akipita, amepita.

Jumapili Nyanchoka alifika nyumbani akakuta hema uani, kwaya katika sare, ng'ombe yuko kwenye sufuria, na joho la kuazima limetundikwa mlangoni.

"Mzee, hii ni nini?"

"Ni shukrani, Daktari!"

"Mzee, mimi hata sijaanza. Nimeruhusiwa tu kuanza."

Mzee Mayaka akageuka akaziangalia sufuria. "Binti yangu," akasema, "ng'ombe ameshaiva."

Kwaya ilikuwa imekwisha kuanza, kwa hiyo akavaa joho. Mchungaji akamshukuru Mungu kwa kuikamilisha kazi ya mikono yake. Nyanchoka aliposimama alisema ukweli wote, kwamba kazi ndiyo inaanza na huenda hata akashindwa. Watu wakapiga makofi, wakasema tazama unyenyekevu wa msomi.

Kuanzia siku hiyo jina lake likawa Daktari. Wakimwona sokoni na mkoba wa vitabu, walimwita kwa sauti.

"Daktari! Bado unasoma tu? Kwani hiyo kitu haikuisha?"

"Haikuisha," alijibu. "Ng'ombe ndiye aliyeisha."

Lakini mimi aliniambia jambo jingine, tukiwa wawili jikoni kwake. "Pauline, nimetolewa shukrani mbele za Mungu kwa kitu ambacho sina. Sasa ni lazima nikipate. Siwezi kuacha kanisa zima likae limesema uongo." Hakuwa akitania. Watu wengine husoma kwa sababu wanapenda elimu. Dada yangu alisoma ili asimfanye mchungaji wake kuwa mwongo.

Kule machimboni wanawake walikataa kuzungumza naye. Walidhani ametumwa na serikali. Alikwenda kila Jumapili, akachutama nao kuosha mchanga, wakamcheka jinsi anavyoshika karai, naye akajicheka kuwashinda. Siku walipochoka kumcheka ndipo walipoanza kumweleza.

Nilimsindikiza Homa Bay mara moja. Profesa aliweka sura ya tatu mezani akasema, "Mwalimu, haya yote uliyoandika hayasemi kitu."

Mimi nilitaka ardhi inimeze. Nyanchoka akavuta kiti karibu. "Hata mimi nilihisi hivyo, lakini sikujua nimepotelea wapi. Nionyeshe."

Akaonyeshwa mpaka saa ya chakula ikapita. Kisha tukaenda kula. Alimaliza samaki mzima na kichwa chake, na mimi ambaye sikuandika hata neno nikashindwa kumeza ugali.

Elkana alimshauri abadilishe msimamizi. "Huyo mama anakuchukia, dada."

"Basi aendelee kunichukia mpaka nimalize. Akinipenda katikati atanichelewesha."

Mwaka huu alitetea tasnifu yake yote, akapita. Akafanya masahihisho, profesa akayakubali. Likabaki joho tu, mwezi wa Desemba. Alituambia mimi na Monari peke yetu, na akatuonya, "Mzee Mayaka asijue. Nataka ng'ombe huyu aje kwa wakati wake." Desemba haikumkuta.

Kwenye mazishi Elkana alipewa nafasi ya kuzungumza kwa niaba ya familia. Alieleza sifa za mwanafunzi anayefaulu katika udaktari: akili nyingi, mpango wa kazi, kompyuta nzuri. Alizungumza mpaka jua likahamia upande wa pili wa hema. Kisha profesa akasimama, na hakuwa na mengi.

"Nimewasimamia wenye akili wengi, na wengi wao sijui waliishia wapi. Huyu nilimrudishia kazi mpaka nikaanza kuona haya. Kila mara alirudi, na alirudi na swali. Alipita. Kazi yake imekamilika."

Elkana akainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyake havikuwa na kamba.

Fundi alikuwa kando na rangi, msalaba uko magotini. Akauliza, "Sasa mbele ya jina niandike Daktari?"

"Usiandike," Mzee Mayaka akasema haraka. Akamgeukia profesa. "Joho atavaa lini?"

"Majina yatasomwa Desemba."

"Basi tungoje Desemba. Hapa tulishawahi kuchinja mapema."

"Lakini mzee, nakuambia amepita!"

"Hata ile siku tuliambiwa amepita."

Nilimtazama Monari, Monari akatazama chini, mabega yakimtetemeka. Sijui alikuwa akilia au akicheka, na sikumuuliza. Fundi akaandika Nyanchoka, akaacha nafasi mbele ya jina.

Mchungaji alisoma maneno ya ufufuo, akaomba. Jeneza likateremshwa kwa kamba, kwaya ikiimba. Monari akatupa udongo, halafu watoto, halafu mimi, halafu Elkana na profesa. Vijana wakajaza kaburi wakipokezana majembe, wakausimamisha msalaba upande wa kichwa. Mzee Mayaka akatangaza kwamba chakula kiko tayari upande wa juu wa boma. Tukaenda tukanawa mikono.