Mshale kwenye Ukuta wa Benki ya Zamani

Ninyi vijana mnaotoka kutazama wanyama Mikumi, mkapitia Kilosa kupiga picha stesheni na boma la Mjerumani, nisikilizeni. Majengo yale hayana dhahabu chini yake. Uongo huo nusura unizikie mjukuu.

Mjukuu mwenyewe ni mtoto wa binti yangu, mtu mzima, ana mke. Kazi yake ni kuwatembeza wageni mtaa wa maduka ya zamani, mpaka lile gofu lililokuwa benki. Kwenye ukuta wa nyuma kuna mshale umechongwa, ncha imeelekea chini. Yeye akawa anawaambia wageni kuwa Mjerumani aliacha alama ya mali yake. Kalisema mara nyingi mpaka kaliamini mwenyewe.

Ijumaa moja, wanaume wako msikitini, mkewe alikuja kwangu. Akaniamkia, nikaitikia, kisha akabaki anasokota ncha ya khanga. Nikamwuliza jembe langu aliloazima mumewe liko wapi. Akaanza kulia.

Nilikwenda gofuni na magoti yangu haya mabovu. Masika yalikuwa yameanza, na udongo wetu ukilowa hauaminiki. Nilimkuta shimoni, kazama mpaka mabegani, kauchimba msingi chini ya mshale. Juu yake ukuta umefanya ufa wa kuingia vidole viwili. Chokaa inamdondokea kichwani, anapangusa, anaendelea. Kando kulikuwa na mganga aliyemdanganya kuwa mali itatoka kwa kafara, kapakata kuku mweusi, kakaa mbali na ukuta. Hilo nililiona upesi: mbali na ukuta.

Sikupaza sauti. Niliogopa hata kukohoa.

"Toka humo," nikamwambia.

"Mke wangu," akanijibu kwa utani wetu wa bibi na mjukuu, "nimebakiza kidogo. Jembe limegonga kitu."

"Limegonga msingi. Mshale huo kauchonga baba yangu."

"Kwani baba yako alikuwa Mjerumani?"

"Alikuwa mfagiaji wa benki. Mto ulipofurika, akachonga pale maji yalipofika, watu wasije wakasahau. Mimi nilimshikia ndoo aliyosimama juu yake."

Mganga akadakia kwamba mali hukimbia ikisikia maneno ya wanawake. Hapo ukuta ukalia, kama mti unaotaka kuanguka. Mganga akatimka, kuku akabaki. Mjukuu wangu akainua macho, akauona ule ufa, na utani ukamwisha. Nikampa fimbo yangu, akaishika, nikavuta. Alipotoka kwa magoti, mawe mawili yakaporomoka pale alipokuwa amesimama. Yakafukia jembe.

Tulipofika nyumbani niliwaita wote uani, mkewe na wajomba zake pia, nikawaambia:

"Kateni miiba sasa hivi, mkaizungushie gofu lile. Asipite mtu wala mbuzi. Jembe langu liacheni humo humo. Na mgeni akiuliza habari za mshale, mwambieni ni kimo cha maji, kisha mwonyesheni njia ya kukimbilia mlimani."