Nywele Chini ya Kofia Ngumu

Nilipopata kazi Geita, mama aliniwekea kwenye begi chupa mbili za mafuta ya nazi na chanuo la mti. Nywele zangu nimezitoa kwa bibi mzaa baba: nyingi, za kujiviringa, zikipata unyevu kidogo tu zinatimka pande zote. Kwetu Tanga tulishazizoea. Mama ndiye aliyenisuka, wala sikuwahi kujiuliza nani mwingine angeziweza.

Kazi yangu ilikuwa kukusanya sampuli za mawe mgodini. Siku ya kwanza msimamizi wa usalama alinivalisha kofia ngumu, akaibonyeza, ikainuka tena.

"Dada, hii haijakaa," alisema. "Jiwe likidondoka itakusaidia nini? Kazilaze hizo nywele."

Nikaenda saluni karibu na stendi. Msusi alipitisha kitana mara moja kikavunjika jino. Akasema nywele kama hizi zinataka dawa. Sikutaka dawa, nikatoka nimejifunga kitambaa.

Nilikuwa nimepanga chumba kwa mama mmoja wa Kisukuma aliyeishi na mumewe mgonjwa. Jioni ile alinikuta uani nikihangaika na chanuo.

"Shikamoo, mayu," nikamwamkia. Mayu ndiyo mama kwa Kisukuma, na ndivyo wapangaji wote tulivyomwita.

"Marahaba. Njoo ukae hapa."

Alizilowesha, akazipaka mafuta, akaanza kuchana kutoka nchani, taratibu. Akanisuka twende kilioni, mistari iliyonyooka hadi kisogoni, imelala kabisa. Kesho yake kofia ikakaa. Tangu hapo alinisuka kila Jumapili akitoka kanisani, mzee akiwa kwenye kiti chake anasikiliza redio. Hatukuzungumza sana.

Mzee alifariki wakati wa masika. Nikaenda na wafiwa kuzika kijijini kwao, Bukombe. Baada ya mazishi ndugu walikaa nyuma ya nyumba kunyolewa, kama ilivyo desturi ya ukoo wao. Wifi wa mama mwenye nyumba ndiye aliyeshika wembe. Aliponifikia akasimama.

"Na huyu?"

"Huyo mpangaji wangu," alijibu mayu, naye keshanyolewa. "Mwacheni na nywele zake."

Nilishukuru moyoni. Lakini nilivyoendelea kukaa pale, mimi peke yangu mwenye nywele kati ya wanawake wale, nilijiona mgeni kuliko siku yoyote tangu nitoke kwetu.

Tuliporudi Geita sikuthubutu kumwomba anisuke. Ningekaaje mbele ya mjane aliyenyolewa nikamkabidhi kichwa changu? Nikajisuka mwenyewe kwa kupapasa. Mistari ilipinda, ikavimba, na msimamizi akanirudisha getini.

Mayu aliniona nikiingia mapema.

"Nani kakusuka hivyo?"

"Mimi mwenyewe, mayu. Nilidhani bado uko kwenye msiba."

"Sasa nikae tu naangalia ukuta? Lete chanuo."

Alifumua yote. Katikati ya kazi kitambaa chake cha kichwani kilidondoka begani kwangu. Hakukiokota. Alinieleza, kwa mara ya kwanza, jinsi mzee alivyokuwa akilalamika kwamba siku za kunisuka chakula kinachelewa. Alicheka kidogo, akaendelea kusuka.

Baadaye nilihamishiwa ofisini Shinyanga, nikapanga mtaa wa Kambarage. Kofia sikuihitaji tena. Maji ya kisima tulichokitumia yalikuwa ya chumvi, nywele zikakauka zikawa kama katani, na msusi niliyempata alivuta mpaka macho yakatoa machozi. Jumamosi moja nikaingia kwa kinyozi, zikabaki urefu wa kidole.

Jioni nikampigia mayu simu kumwambia.

"Nani amefariki?" akauliza.

"Hakuna, mayu. Nimechoka kuchana tu."

"Haya," akasema. Kisha akaniuliza kama Shinyanga mvua imeanza.