Aliyejibu Mgodini

Mume wangu hakutaka kwenda. Mimi ndiye niliyechoka: miaka minne nilikuwa nikiogesha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Croydon, kusini mwa London, na safari yangu ndefu ilikuwa kituo cha mwisho cha tramu. Mwenzangu kazini akanisimulia mji mmoja wa milimani huko Wales, ambako zamani watu walikimbilia dhahabu. Nikakata tiketi za treni bila kumuuliza mume wangu.

"Dhahabu nimeiona ya kutosha," alisema.

Kabla ya kuja Uingereza alikuwa mchimbaji wa dhahabu kwetu Ituri, Kongo. Zaidi ya hapo hakuwahi kunieleza, nami sikuuliza.

Mji ulikuwa wa mawe meusi, mawingu yamekalia mapaa. Tulitembea saa nzima, tukakutana na mbwa tu. Siku ya pili, mchana, tuliingia mgodini na wageni wengine wanne, tumevaa kofia zenye taa, tukimfuata msichana aliyekuwa akituongoza. Maji yalitudondokea shingoni. Tulipofika mwisho wa njia, mahali palipozibwa kwa mawe, alituomba tuzime taa tulione giza la wachimbaji.

Lilishinda giza la kufumba macho. Nilimshika mume wangu mkono, akauondoa. Kisha nikamsikia akigonga ukuta kwa jiwe, polepole, mara tatu.

Halafu, kutoka upande wa pili, pakagongwa mara tatu.

Mtu mmoja alicheka, akaacha. Msichana aliwasha taa haraka. "Nani amefanya hivyo?"

"Mimi nimegonga," mume wangu alisema. "Huyo wa ndani ni nani?"

"Huko ndani hakuna mtu. Kumejaa maji tangu babu yangu hajazaliwa." Lakini alikuwa ameshapiga hatua mbili nyuma.

Mume wangu akapiga magoti, akaweka sikio kwenye jiwe.

"Papa, twende," nikamwambia.

"Siwezi kumuacha tena." Alisema kwa Kiswahili, nikaelewa mimi peke yangu. Ilibidi nimvute kwa koti.

Tulipokaribia London, ndani ya treni, ndipo aliponieleza. Shimo lao liliporomoka likamfungia rafiki yake. Waligonga, akajibu, siku mbili nzima alijibu huku wakichimba. Siku ya tatu walifika watu wenye bunduki, wachimbaji wote wakakimbia. Alikuwa bado anajibu.

Nilitaka kumwambia kwamba kule Wales tulisikia mwangwi, au maji. Lakini yeye aligonga kwa nguvu sawa mara zote tatu, na lile jibu lilikuwa likififia.

Jumapili alimpigia simu mama wa rafiki yake, ambaye miaka yote aliambiwa mwanawe alikufa papo hapo. Nilibaki jikoni. Alipotoka chumbani, uso wake ulikuwa umelowa.

"Amesema alijua," aliniambia. "Alijua kwamba mtoto wake aliishi siku zile."

"Alijuaje?"

"Sikuthubutu kumuuliza."

Nikampakulia chakula, akakaa, akala.