Mume wa Kupimia Mfereji

Uteuzi wa Mfereji wa Bafuni kwa Nyumba Yenye Msukumo Hafifu wa Maji: hilo ndilo jina rasmi la jambo nililolishuhudia juzi katika duka moja la vifaa vya ujenzi, Kisauni.

Mume alikuwa ameukumbatia mfereji wa rangi ya dhahabu, wenye shingo ndefu kama ya bata. Mkewe hakutaka hata kuutazama.

"Mamako anakuja Ijumaa. Atatawadha kwa dhahabu au kwa maji?"

Muuzaji akaapa wallahi mifereji yake yote inatoa maji. Lakini dukani hapakuwa na maji ya kujaribia, basi mke akamgeukia mumewe.

"Puliza."

"Nipulize? Mbele za watu?"

"Puliza, tena polepole, kama maji ya kwetu yanavyokuja."

Mume akapuliza. Muuzaji akategesha shavu kwenye mdomo wa mfereji, akafumba macho kama daktari.

"Bado," akasema.

Mume akapuliza tena, mpaka macho yakamtoka.

"Mwongo!" mke akapiga kelele. "Maji ya kwetu yana nguvu hizo tangu lini?"

Ukaletwa mfereji mweupe wa plastiki, mfupi, tundu pana. Mume, hoi, akahema tu ndani yake, na ndevu za muuzaji zikapepea. Duka zima likaangua kicheko.

Wakubwa wa maji wana mitambo ya kupimia msukumo. Sisi tuna waume, na mume hazimiki umeme ukikatika.

Walinunua ule wa plastiki.