Leso ya Kukamia Maziwa

Miezi minne baada ya kuolewa nilikuwa bado mgeni katika nyumba ya wakwe zangu, Mji wa Kale. Kazi yangu ilikuwa kupepeta mchele na kutabasamu. Kupepeta nilijua.

Mama mkwe alifuga ng'ombe mmoja mwekundu katika banda la makuti nyuma ya nyumba. Hakuna aliyeruhusiwa kumkama ila yeye. Mwaka uliotangulia ndama alizaliwa mvuani akafa, na mama mkwe aliapa kwamba na huyu ajaye akifa, ng'ombe ataondoka. Aliyasema hayo akilia, naye hakuwa mtu wa kulia.

Basi ikaja masika ile ya mwanzo wa miaka ya sitini, mvua na upepo siku tatu bila kupumzika. Tudor minazi ilianguka, Kilindini mabati yaliruka, na wauza majani ya ng'ombe kutoka bara hawakuweza kuvuka kuja kisiwani. Asubuhi ya siku ya tatu paa la banda liling'oka. Maji yalifika magotini, na ng'ombe alikuwa ameanza uchungu. Mama mkwe alikuwa ghorofani, ameteguka mguu, hawezi hata kusimama.

Baba mkwe, mume wangu na jirani yetu walimfunga ng'ombe kamba wakamvuta atoke. Wakamsukuma. Wakamsomea dua. Yeye alikita miguu matopeni akawatazama kwa dharau.

Nilikuwa dirishani, kando ya kitanda cha mama mkwe. Nilicheka, kisha nikapandwa na hasira. Kwa miezi minne nilikuwa nikitazama kutoka dirisha lile, na ng'ombe yule sikuwahi kumwona akivutwa. Mama mkwe humtangulia, amejifunga leso yake ya kukamia maziwa, wala hageuki nyuma.

“Mama, nipa leso yako ya kukamia.”

“Hiyo haivaliwi ni mtu.”

“Basi na tuwangoje wanaume wamalize kuvuta.”

Alinitazama sana. Kisha akaitoa chini ya kitanda, inanuka maziwa yaliyochacha na samadi.

Niliwaambia wanaume wafungue kamba. Nilijifunga leso, nikampa ng'ombe mgongo, nikatembea. Niliogopa, sisemi uongo. Shingo iliniwasha kwa hamu ya kugeuka. Mwishowe nikasikia kwato zikichomoka matopeni, moja, kisha nyingine. Tukapita uchochoroni, tukapanda daka la mlangoni, tukaingia ukumbini, mahali baba mkwe anapopokea wageni wake.

“Ng'ombe ukumbini!” alisema baba mkwe. “Watu wataketi wapi?”

“Baba, watu wana makwao,” nikamjibu. Mume wangu alitazama dari.

Ndama alizaliwa kabla ya adhuhuri, juu ya mikeka chakavu, akasimama kwa miguu yake. Nilipiga vigelegele peke yangu, majirani wakaitikia madirishani. Majani hayakuwapo, lakini migomba ilikuwa imeangushwa na upepo mji mzima. Kila nyumba ilituletea shina, tukalikatakata, na ng'ombe akala.

Mama mkwe alishuka ngazi kwa makalio, kidato baada ya kidato, hataki kubebwa. Alimshika ndama masikio, akacheka na kulia pamoja. Nikaanza kuifungua leso nimrudishie. Akaukamata mkono wangu.

Baba mkwe alikuwa nje barazani na wageni wake, chini ya miavuli. Akachungulia ndani.

“Na kesho atakamwa ni nani, na mguu huo?”

“Kwani leso,” mama mkwe akamwambia, “huioni iko kwa nani?”